Upanga Ulioitwa Sinandugu

Katika Temeke nzima ni mtu mmoja tu aliyemwita Marselino kwa jina lake la ubatizo, naye ni mkewe, tena ndani ya nyumba, tena akiwa amekasirika. Wengine wote, kwa miaka kumi tangu ahamie pale, walimwita Sinandugu. Hilo halikuwa jina lake. Lilikuwa jina la upanga wake.

Upanga ulikaa katika ala ya ngozi nyeusi yenye ncha ya shaba, na mpini wake ulizungushiwa uzi mwekundu. Jumapili, chama chao cha beni kilipotoka na ngoma na matarumbeta, Marselino alitangulia mbele, kofia ya kijeshi imemwangukia kwenye nyusi, mkono umelala juu ya mpini. Hakuuchomoa hata siku moja. Watu walijua sababu, kwa kuwa aliwaeleza mwenyewe, si mara moja wala mbili: upanga ule ukitoka alani haurudi mpaka umekula. Ulikwisha kula watu saba kando ya Mto Ruvuma, katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, na tangu hapo una njaa.

"Sinandugu hachagui," alikuwa akisema, kidevu juu. "Kaka, mjomba, shemeji, kwake nyama ni nyama."

Watu walicheka, lakini walicheka huku wakirudi nyuma hatua moja.

Eufrazia, mkewe, hakukipenda kicheko kile. Alikuwa mtu wa Masasi, amesoma misheni miaka mitatu, anajua kusoma kitabu cha sala na kuandika jina lake, basi. Elimu yake nyingine ilikuwa ya macho. Alikuwa na binti wawili: Sesilia, aliyekuwa na miaka kumi na minne na ameanza kutazamwa, na Auleria, aliyekuwa bado ananyonya. Kila jioni kabla ya kufunga mlango Eufrazia alifagia uwanja wa nyumba, mchanga ukabaki laini kama unga. Asubuhi alitoka kabla ya wote kutazama nani amekanyaga. Mguu wa mbwa aliujua. Mguu wa mtu aliyesimama chini ya dirisha la binti yake aliujua pia, ingawa mwaka ule haukuwahi kuonekana hata mmoja. Marselino alisema ni kwa sababu ya upanga. Eufrazia alisema ni kwa sababu ya Mungu.

Maana yeye alijua habari ya upanga. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao mumewe alishikwa na homa kali, akalia na kusema yote. Hakuwa askari. Alikuwa mpagazi. Askari walikuja kuwachukua kijijini yeye na kaka zake watatu, wakawafunga kamba moja kiunoni, wakawatwika masanduku ya risasi. Kaka wa kwanza alikufa kwa kuhara, wa pili kwa njaa, wa tatu alikaa chini njiani akakataa kuinuka. Siku ya tatu baada ya huyo wa mwisho, Marselino akaukuta upanga kichakani, kando ya mtu aliyekufa zamani. Ala ilikuwa nzima. Chuma ndani yake kilikuwa kimekatika, kimebaki kipande cha urefu wa kiganja, nacho kimeliwa na kutu. Aliuchukua hivyo hivyo. Usiku ule alilala ameukumbatia, asubuhi akaupa jina, kwa kuwa kweli ndugu hakuwa naye tena.

"Niahidi hutauchomoa mbele ya mtu," alimwambia mkewe, meno yakigongana kwa homa. "Hata nikifa."

Eufrazia aliahidi, akashika na msalaba.

Ilikuwapo na siri ya pili, ndogo kuliko ya kwanza. Marselino aliwaambia majirani kwamba analinda ghala la mfanyabiashara mmoja mjini. Kumbe alikuwa kuli bandarini. Alitoka nyumbani jogoo wa kwanza, amevaa kanzu safi na kofia yake, upanga ubavuni. Alipofika kwa rafiki yake Gregori, mtu wa kwao aliyekaa karibu na bandari, alivua yote akayaacha huko, akavaa gunia lililotobolewa shingo. Kisha alibeba saruji mpaka jua la mchana. Ngata yake, ile kata ya kitambaa wanayoweka wapagazi chini ya mzigo, aliificha katika makuti ya paa la nyumba yake. Eufrazia ndiye aliyeifua. Maji yalitoka ya kijivu, na kitambaa kikikauka kilikuwa kigumu kama ubao.

"Si aibu kubeba," alimwambia siku moja.

"Nimebeba vya kutosha," alijibu. "Nataka mahali pamoja duniani ambapo sibebi."

Eufrazia akaikunja ngata, akairudisha katika makuti.

*

Mwaka ule ulikuwa wa pili wa nzige. Muhogo ulibaki vijiti. Watu walioshindia maembe mabichi hawakuwa na subira na mtu, na zaidi hawakuwa na subira na watu wa kuja. Tena ilivuma habari ya mumiani: kwamba wapo watu wanaokamata wenzao barabarani na kuwatoa damu, wakaipeleka kusikojulikana. Kisimani, Hamisa, mke wa Kondo mgema, aliivuta ndoo yake mbele ya Eufrazia bila kungoja zamu.

"Zamu yangu, dada," Eufrazia alisema.

"Zamu mliikuta wapi? Kisima kilichimbwa na babu zetu." Hamisa akawageukia wenzake. "Sie huku kwetu watu hawakuwa wakipotea, mpaka mlipokuja nyie na mapanga yenu yenye majina. Mtu gani anakipa chuma jina? Nani hapa mumewe analipa jina shoka? Analiita jembe mjomba?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Labda usiku linaitika."

Eufrazia alijaza ndoo yake ya mwisho, akaondoka bila kumwaga tone. Lakini alihesabu ni wangapi waliocheka, na ni nani aliyetazama chini.

Jumanne ya juma lile, kilabuni, Kondo mwenyewe alikuwa amelewa tembo lake. Kondo alikuwa mgema hodari, mnazi kwake ni ngazi, na ulimi wake ulipanda haraka kuliko miguu. Marselino alipopita akamwita.

"Jenerali! Hebu chomoa tuone. Au umeota kutu humo ndani?"

"Kunywa tembo lako, Kondo."

"Chomoa bwana, kidogo tu! Tutakupa kuku ule, upanga wako ule shingo, wewe ule mapaja!"

Kilabu kizima kikapasuka kwa kicheko. Marselino akasimama. Wote waliokuwepo baadaye walikumbuka maneno yake neno kwa neno.

"Siku nitakayouchomoa, Kondo, wewe hutakuwepo kuhadithia."

Alhamisi asubuhi Kondo alikutwa chini ya mnazi wake, paja limepasuliwa kuanzia kinenani mpaka karibu na goti, mchanga wote chini yake umekunywa damu. Kotama yake, kile kisu kilichopinda cha kugemea, haikuonekana.

*

Eufrazia alizisikia habari hizo kisimani, na safari hii hakuna aliyegombea zamu. Walimpisha.

Mumewe alirudi adhuhuri, kanzu safi, upanga ubavuni. Alikwisha kusikia njiani. Alikaa barazani akaagiza maji kana kwamba ni siku nyingine yoyote, lakini mkono wake ulikuwa ukipapasa ule uzi mwekundu.

"Watakuja," Eufrazia alisema.

"Waje."

"Waambie ulikuwa bandarini tangu alfajiri. Makuli arobaini wamekuona. Nyapara amekuona."

"Wataniuliza nilikuwa nikifanya nini."

"Si utawaambia ulikuwa ukibeba saruji!"

"Sema taratibu." Alitazama njiani. "Mama Sesilia, wewe huwajui watu. Umewaona leo? Nimepita katikati yao kutoka Keko mpaka hapa. Hakuna aliyeinua hata jiwe. Mtu anayeogopwa hapigwi."

"Mtu anayeogopwa huuawa, Marselino!"

Aliposikia jina lile akainamisha uso.

Eufrazia aliona kwamba kwa njia hiyo hatafika popote. Akamvuta Sesilia nyuma ya nyumba. "Kimbia kwa mjomba Gregori. Mwambie aje na nyapara wao, sasa hivi, waje waseme kwa jumbe kwamba baba yako alikuwa kazini. Usipite njia ya kisimani. Ukiitwa usiitike."

Msichana alifunga kanga kiunoni akaondoka. Kwenda na kurudi ni mwendo wa saa mbili kwa miguu ya mtoto, na zaidi kwa miguu ya nyapara mwenye tumbo. Eufrazia alitazama kivuli cha paa, akakadiria kitakapofika saa hizo mbili zikiisha, akatia alama pale mchangani kwa kidole cha mguu.

Walifika kabla kivuli hakijavuka alama. Walikuwa wengi, wanaume mbele, wanawake nyuma, na katikati jumbe katika koti lake la kazi. Kando ya jumbe alisimama Pazi, mdogo wa marehemu, rungu mkononi. Walisimama mwisho wa uwanja, pale ulipofagiliwa, kama watu waliofika ukingo wa maji. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukanyaga.

"Shikamoo, jumbe," Eufrazia alisema.

"Marahaba. Sikuja kwako, mwanangu. Nimekuja kwa mumeo." Jumbe alikohoa. "Sinandugu. Kondo amekufa kwa chuma. Juzi ulimwahidi. Una neno?"

Marselino alisimama polepole barazani. Eufrazia alimtazama, na kwa uchungu aliokuwa nao aliona jambo lililomtisha kuliko rungu la Pazi: mumewe alikuwa amependezwa. Watu mia wamesimama kwa ajili yake, na hakuna anayecheka.

"Upanga wangu hauulizwi maswali," alisema.

Mnong'ono ukapita. Watu wa mbele wakarudi nyuma wakawakanyaga wa nyuma.

"Umesikia, jumbe!" Hamisa alipiga ukelele. "Kakiri! Kamnyonya mume wangu damu, na bado anajigamba!"

"Hakukiri!" Eufrazia alishuka barazani. "Jumbe, naomba niulize. Kotama ya Kondo iko wapi?"

"Aliyemuua kaichukua," Pazi alisema.

"Aichukue ya nini, mtu mwenye upanga? Mmetafuta juu ya mnazi?"

Mzee mmoja akatema mate kando. "Unajua unachosema, binti? Mnazi wa marehemu haupandwi mpaka hitima isomwe. Apandaye kabla anamfuata."

"Ipo huko juu, labda! Amejikata mwenyewe akaanguka! Apande mtu mmoja tu atazame!"

"Panda wewe," Pazi alisema, na wachache wakacheka. "Huko kwenu porini mnapanda minazi ya maiti. Sie tuna heshima na wafu wetu."

"Basi subirini hitima, ni siku mbili tu..."

"Tusubiri mumeo avuke Ruvuma?"

Eufrazia alitazama alama yake mchangani. Kivuli kilikuwa kimebakiza nusu. Akaona rungu la Pazi limehama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Akaona vijana wawili wanazunguka nyuma ya nyumba, alikolala Auleria. Akapaza sauti.

"Mume wangu ni kuli!"

Walimtazama kama wamesikia mbuzi anaongea.

"Ni kuli bandarini! Halindi ghala! Alikuwa anabeba saruji tangu jogoo wa kwanza, makuli arobaini wamemwona, wanakuja sasa hivi kusema!" Aliruka barazani, akaingiza mkono katika makuti, akatoa ngata, akaitupa miguuni pa jumbe. Ikaanguka kwa kishindo kidogo, ikatoa vumbi la kijivu. "Tazameni! Hakuwa askari kamwe! Alikuwa mpagazi wa vita, na ni mpagazi mpaka leo!"

Jumbe aliigeuza ngata kwa fimbo. "Ngata hata mie ninayo nyumbani," alisema, lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

"Anamwokoa mumewe," mtu akasema. "Sinandugu abebe saruji? Yule?"

"Mama Sesilia," Marselino alisema kwa sauti ya chini. "Yatosha."

Haikutosha. Eufrazia alielewa kwamba uongo wa miaka kumi hauvunjwi kwa kitambaa. Uko pale ubavuni mwa mumewe, umefungwa uzi mwekundu. Alimsogelea. Mumewe aliona mkono wake unakokwenda, na uso ukambadilika, ukawa uso wa ile homa.

"Hapana," alisema. "Uliahidi. Eufrazia, hapana."

Mkewe akauchomoa.

Haukutoa mlio. Ulitoka upesi mno, kama jino bovu. Eufrazia akauinua juu watu wote wauone: mpini, uzi mwekundu, na kipande cha chuma kilicholiwa na kutu, urefu wa kiganja cha mkono wake.

"Huu ndio Sinandugu wenu! Huu hauwezi kukata hata muhogo! Kondo ameuawa na nini hapa?"

Mwanamke mmoja nyuma akacheka, kicheko chembamba cha pua, na wa pili akampokea. Kikaja mbele kama maji yaliyofunguliwa. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Hofu ya miaka kumi ilikuwa inawatoka, nao walifurahi kutokwa nayo.

"Jenerali wa kijiko!"

"Watu saba! Aliwachoma kwa mpini?"

"Na mie nilikuwa nampisha njia! Ewe Mungu wangu!"

Eufrazia naye alitaka kucheka, kwa faraja. Aliona jumbe anafuta macho. Aliona vijana wale wanarudi kutoka nyuma ya nyumba. Amepona, aliwaza, watamdharau lakini amepona, na dharau hailazi mtu kaburini.

Hakumtazama mumewe mpaka alipohisi upanga unatolewa mkononi mwake. Marselino aliuchukua bila nguvu, kama mtu anayepokea kikombe. Akashuka barazani. Akakimbia kumwelekea Pazi.

Alikimbia kama mpagazi, shingo wima, magoti yamekunjwa kidogo, kama vile hata siku hiyo kuna kitu juu ya kichwa asichotaka kianguke. Wangalikuwa bado wanamwogopa, wangetawanyika. Saa moja nyuma Temeke nzima ingekimbia. Lakini sasa hawakuona Sinandugu anakuja. Waliona kuli mwenye kijiko cha kutu.

Pazi alimpiga rungu moja tu, la upande wa kichwa. Wengine walimpiga alipokwisha kuanguka, na hao ndio wengi.

Sesilia, Gregori na nyapara walifika wakati watu wanatawanyika. Nyapara alikuwa anahema, na hakujua amwambie nani habari aliyoitwa kuisema. Akamwambia jumbe. "Huyu alikuwa kazini kwangu tangu alfajiri." Jumbe akavua kofia yake. Eufrazia alikuwa amekaa mchangani, kichwa cha mumewe mapajani, na karibu yake ile alama aliyoitia kwa kidole cha mguu. Kivuli kilikuwa kimeipita kidogo tu.

*

Walimzika Ijumaa, Gregori na makuli wa bandarini, watu wa kwao, na padri aliyekuja kwa baiskeli. Wenyeji wa Temeke hawakuja. Askari wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, walikuja na daftari, wakauliza nani alipiga. Macho mia na zaidi, na hakuna hata moja lililoona.

Jumamosi hitima ya Kondo ikasomwa. Walipokwisha kula, mgema mwingine akapanda ule mnazi, maana tembo halingoji matanga. Alikaa juu kitambo bila kugema. Aliposhuka alikuwa ameishika ile kotama mbali na mwili wake. Ilikuwa imejikita katika shina la kuti, imeganda damu mpaka kwenye mpini. Kondo alikuwa ameteleza, kisu kikampasua huko huko juu, akaja chini bila kisu. Ilikuwa ikining'inia juu ya vichwa vyao siku zote mbili.

Alasiri wakaja kwa Eufrazia. Safari hii walikuwa wachache: jumbe, Hamisa na ungo wa mchele kichwani, wazee watatu, na nyuma kabisa Pazi, mikono mitupu. Waliukanyaga uwanja bila kusita. Eufrazia aliyaona hayo kabla ya kuyaona macho yao. Wamekanyaga katikati, mchanga uliofagiliwa, kama uwanja usio na mwenyewe. Pazi alikuwa anamtazama Sesilia aliyekuwa anachambua mboga mlangoni. Alimtazama muda mrefu kuliko anavyotazama mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Makiwa, mwanangu," jumbe alisema. "Imekuwa bahati mbaya. Kotama imeonekana. Sote ni wanadamu."

"Nimesikia."

"Tumekuletea mchele. Tunajua huna mwanamume sasa. Wewe na mabinti... mahali hapa ni mbali kidogo na watu. Ukitaka msaada wa vijana, wa kulinda..."

"Pazi amejitolea," Hamisa alisema, macho chini.

Eufrazia alimtazama Pazi, na Pazi akatabasamu. Ndipo akaelewa kile alichokuwa anaambiwa na mumewe barazani, siku ile alipodhani anasikia upumbavu. Upanga ule haukuwa silaha hata siku moja. Ulikuwa ukuta. Marselino aliujenga kwa maneno, tofali kwa tofali, miaka kumi, na yeye na binti zake walikuwa wamelala nyuma yake bila kujua. Na ni yeye, kwa mkono wake huu, aliyeubomoa.

Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na ala nyeusi mikononi, na ule mpini umerudishwa ndani yake. Akaitundika juu ya mlango, kwenye msumari, taratibu, mgongo wake kwao.

"Juzi mlicheka," alisema. "Hamkuuliza ulivunjikia wapi."

Akainyoosha ala ukutani.

"Nilisema uongo. Nilitaka kumwokoa mume wangu, na mwanamke atasema lolote. Alikuwa kuli, ndiyo, amechoka na damu, alitaka kazi ya amani. Lakini Ruvuma alikuwepo. Mtu wa saba alikuwa mkubwa, upanga ukaingia mbavuni ukakatika. Kipande kile hakikutoka." Akawageukia. "Mmeuona mpini. Kipande cha mbele mmewahi kukiona?"

Mzee mmoja alisogeza mguu wake nje ya mchanga uliofagiliwa.

"Marselino alisema kikimkosa mwenyewe kitamtafuta aliyemwaga damu yake. Sijui. Mimi ni mwanamke, sijui mambo ya vyuma. Ninalojua ni kwamba kilikuwa hakichagui, na sasa hakina mtu wa kukizuia." Akachukua ungo wa mchele kutoka kichwani mwa Hamisa, akautua chini miguuni pa Pazi. "Rudi na mchele wako, baba. Kwangu hatuli cha mtu, kile chuma kisije kikadhani tumepatana."

Pazi hakutabasamu tena. Aliinama kuokota ungo, akauinua upesi, mchele ukamwagika kidogo. Hakuziokota punje.

Walipoondoka, Sesilia alikuja akasimama mbele ya mama yake. Alikuwa amelia mpaka macho yamekuwa madogo.

"Mama, si kweli. Baba aliukuta umevunjika. Ulinihadithia mwenyewe."

"Ndiyo."

"Mbona umesema uongo?"

"Kweli niliisema juzi," Eufrazia alimwambia. "Uliona ilivyotutenda."

Akachukua ufagio. Akafuta nyayo zao zote, za jumbe, za Hamisa, za wazee. Za Pazi alizifuta mara mbili. Akakusanya zile punje za mchele moja moja, akazitupa ng'ambo ya njia.

Miaka mingi baadaye, Sesilia alipokwisha kuolewa Kiwalani na Auleria naye kuolewa, watoto wa Temeke walikuwa bado wakishikana mikono wanapoipita nyumba ile, na watu wazima walishika njia ya chini, yenye matope. Wakisikia kikohozi cha mwanamke ndani walisema, "Sinandugu kaamka." Marselino na upanga wake walisahauliwa. Jina likawa la mkewe.

Naye asubuhi alitoka kabla ya wote, akatazama mchanga. Palikuwa na nyayo zake mwenyewe za jana jioni, zikitoka mlangoni na kurudi mlangoni.